Jiko la induksheni: nyota mbili (zilikuwa nne jana)

Niseme mapema kwamba nina hasira, kwa hiyo msinitegemee sana kwa haki.

Siku jiko lilipofika nilibandika sufuria ya maji, nikawasha. Likalia pii, pii, pii, likaandika E0, likajizima. Nikabadilisha sufuria. Pii, pii. Ya tatu, yale yale. Nikawapigia simu walioniuzia. Kijana aliyepokea hata salamu hakuimalizia. "Dada, umesoma kijitabu?" Nikamwambia kijitabu chenyewe kimeandikwa lugha nisiyoijua. Akacheka. Jamani, akacheka! "Jiko letu halina shida. Shida ni sufuria zako." Akakata.

Kumbe kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jiko hili halitoi moto. Koili (waya uliozungushwa) iliyo chini ya kioo hutengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, na sufuria yenyewe ndiyo inayopata joto, mradi kitako chake ni cha chuma kinachonasa sumaku. Alumini tupu haikubali, shaba vilevile. Nikang'oa sumaku iliyobandikwa kwenye jokofu, nikazunguka nayo jikoni kama mpiga ramli. Ilinasa kikaango kimoja, kizee. Sasa kumwambia mteja "jaribu na sumaku kwanza" kabla hajalipa kungewagharimu nini?

Nililinunua ili nipunguze gesi. Moto wa gesi mwingi hupita pembeni mwa sufuria ukapasha hewa bure, ilhali hapa kama asilimia 85 ya umeme huishia kwenye chungu. Na gesi asilia ikivuja ni methani, ambayo kwa miaka 20 hunasa joto angani takriban mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Sawa. (Umeme wako ukitoka kwenye makaa ya mawe, faida hiyo inapungua sana, tusidanganyane.) Lakini nitupe sufuria nzima nzima ninunue mpya, kana kwamba chuma huyeyushwa kwa baridi?

Nikanunua moja tu. Maji yalichemka kabla sijamaliza kusuuza vikombe, na jikoni hakuna lile fukuto. Jana nikaandika nyota nne, kwa moyo mweupe kabisa.

Leo nimekumbuka kicheko. Mbili.

Jirani ameniuliza anunue au aache. Nimemwazima sumaku.