Nilipima ultrasaundi ya paja kuona mafuta ndani ya msuli: uzoefu wangu

Mguu wangu wa kushoto ulikaa kwenye hogo wiki sita baada ya bodaboda kuniangusha. Lilipotolewa, fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alizungusha futi kamba kwenye mapaja yote mawili: tofauti sentimita moja tu. Nikafurahi, yeye wala. "Mama, futi haijui nyama wala mafuta," akasema, akaniandikia ultrasaundi ya misuli.

Kipimo chenyewe hakisumbui. Unalala chali, mguu umelegea, unapakwa jeli ya baridi, na proba, kile kifaa cha kushika mkononi, inawekwa katikati ya paja bila kukandamizwa. Hakuna sindano wala mionzi. Nililipa shilingi 50,000. Kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ningelipa mara kadhaa ya hapo.

Kwenye kioo cha mashine, paja la kulia lilikuwa jeusi lenye michirizi myeupe. La kushoto lilikuwa kama limetanda ukungu. Mpimaji akasema weupe ule huenda ni mafuta. Nikabisha, maana mafuta ya chini ya ngozi niliyaona meusi pale pale! Akanielewesha: mashine hutuma sauti ndani ya mwili, na sauti hiyo hurudi inapokutana na mpaka wa vitu viwili tofauti. Mafuta yaliyokaa pamoja chini ya ngozi hayana mipaka mingi. Yaliyojipenyeza kati ya nyuzi za msuli yanaweka mipaka kila mahali, na kila mpaka unarudisha sauti kidogo, basi picha inang'aa. Ni kama ile steki ya buchani yenye vimichirizi vyeupe ndani.

Karatasi ya majibu ndiyo iliyoniharibia siku. Kushoto 74, kulia 58. Binti wa mapokezi akanitafsiria: "Mama, paja hili lina mafuta asilimia 74." Usiku sikulala. Kumbe ile si asilimia hata kidogo, ni wastani wa kijivu cha picha: 0 nyeusi tii, 255 nyeupe pee. Tena kovu ndani ya msuli nalo hung'aa, na ultrasaundi ya kawaida haitenganishi vizuri kovu na mafuta.

Baada ya miezi minne ya mazoezi nikaenda kituo kingine, karibu na nyumbani. Kushoto 90! Na mimi nilikuwa napanda ngazi bila kushika ukuta. Fizio akatazama majibu, akacheka, akanionyesha paja la kulia: 79. Yaani mguu mzima ambao haukuguswa na ajali nao ulikuwa "umepata mafuta". Mashine ilikuwa nyingine, mng'ao umeongezwa na kina cha picha kimebadilishwa, kwa hiyo namba zile hazikuwa za kulinganisha na za mwanzo.

Nikarudi kituo cha kwanza, mashine ile ile, mpangilio ule ule, sehemu ile ile ya paja. Kushoto 66, kulia 57. Hapo nikaamini jasho langu.

Nakipa kipimo nyota nne, maelezo ya mapokezi nyota moja. Ukienda, dai wapime miguu yote miwili na waandike mpangilio wa mashine kwenye majibu. Usiende umetoka mazoezini, kwa sababu msuli uliochoka hubadilika mwonekano. Na vaa kaptula au khanga. Mimi nilienda na suruali ya kubana, nikaishia kuazimwa shuka.