Gyokuro ya Yame: bei kubwa, kikombe kidogo

Gramu 50 kwa yeni 2,700. Kwa mtu aliyezoea chai ya rangi ya kujaza kikombe, bei hiyo inakera kabla hata paketi haijafunguliwa. Hii ni gyokuro, chai ya kijani ya Kijapani inayokuzwa kivulini, ya Yame, mkoani Fukuoka, Japani, kutoka shamba dogo la familia linalochuma kwa mkono mara moja tu kwa mwaka.

Unacholipia hasa ni kivuli. Wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, wenyewe hutandaza mabua ya mpunga kwenye vichanja juu ya mashina ya chai. Mashamba mengi siku hizi hutumia nyavu nyeusi za plastiki. Hawa bado wanang'ang'ania mabua. Jani lililokosa jua hubaki na tianini nyingi, aina ya asidi amino inayoleta ule utamu mzito. Likipigwa jua, tianini hupungua na katekini, kemikali zinazoleta ukakasi, huongezeka, ndiyo maana sencha ya kawaida, chai ya kijani inayokuzwa juani, ina ukakasi zaidi.

Majani yamesokotwa membamba, kijani chake kinakaribia weusi, na yananukia mwani mkavu. Naweka gramu 5 kwa mililita 60 za maji ya nyuzi 50 hivi. Kipimajoto sina: nayahamisha maji yaliyochemka kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kila nikihamisha yanapungua kama nyuzi 10. Dakika mbili, halafu namimina mpaka tone la mwisho, maana hilo ndilo lililokolea kuliko yote.

Sasa ladha. Funda la kwanza halifanani na chai hata kidogo. Ni mchuzi wa samaki usio na samaki, mzito, unatanda ulimi mzima. Ukishameza ndipo utamu unapanda, na unakaa. Sukari hapa usiiguse, tafadhali. Mkupuo wa pili, kwa majani yale yale, natia maji ya moto zaidi na sisubiri sana. Chai inakuwa nyepesi, inanyweka. Wa tatu ukakasi unajitokeza, na kusema kweli huo ndio naupenda pamoja na karanga. Yale majani yaliyobaki ni laini, natia matone ya sosi ya soya nakula. Ukihesabu hivyo, bei inaanza kuingia akilini.

Malalamiko ninayo. Paketi haina zipu, na chai hii ikipigwa hewa harufu inakimbia haraka. Nalazimika kuihamishia kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Chini ya paketi kuna vumbi linaloziba chujio la birika. Maelezo yote ni ya Kijapani.

Naipa nyota nne. Kama unataka kitu cha kukata kiu baada ya chakula, nunua sencha, utaokoa pesa. Na usiinywe usiku: kafeini yake ni nyingi, hicho kikombe kidogo kitakukesheza.