Kozi ya ufundi wa laini: nguzoni inaridhisha, baada ya cheti haionekani

Mwaka jana nilipeleka vijana wawili wa kampuni yetu ndogo ya ukandarasi wa umeme kusoma kozi ya miezi sita ya ufundi wa laini za umeme katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa wakandarasi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama ada yake inalipa, naeleza hapa niliyoyaona.

Kwa upande wa vitendo sina la kulaumu. Uwanja wa mazoezi una nguzo halisi za miti na transfoma iliyofungwa juu, na mwanafunzi haruhusiwi kupanda kabla ya kukagua mkanda wake mwenyewe na kuigonga nguzo kwa nyundo huku akisikiliza, kwani nguzo nzima hutoa mlio mkavu na iliyooza ndani hujibu kwa sauti butu, kama debe lililojaa unga. Siku niliyokwenda kuwatazama, kijana wangu mmoja alizima swichi ya laini, akapima, akakuta hakuna umeme, akaanza kupanda. Mwalimu akamshusha papo hapo kwa sababu alikuwa hajaifunga laini kwenye waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Akamweleza kwamba mteja akiwasha jenereta bila kujitenga na mtandao wa umeme, umeme hurudi hadi kwenye transfoma, na transfoma hiyo hiyo inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 huupandisha upya ikiendeshwa kinyume. Somo hilo peke yake, kwangu mimi, lilirudisha nusu ya ada.

Darasani mambo ni ya wastani, na mita za kisasa ziliguswa kwa kipindi kimoja tu.

Palipo na kasoro kubwa ni baada ya mafunzo. Chuo kiliahidi kuwaunganisha wahitimu na waajiri, lakini wale waliokuja bila mwajiri walipewa vyeti na kuagwa, bila hata kuelekezwa namna ya kuomba leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Baadhi yao wamepata vibarua vya miezi mitatu mitatu; wawili ninaowafahamu sasa wanaitwa usiku kuunganishia watu umeme kinyemela, yaani chuo kimewafundisha vishoka, mafundi wasio rasmi, kupanda nguzo kwa usalama. Sisi waajiri tunaolipa tozo ya kuendeleza ufundi kila mwezi tuna haki ya kuuliza.

Hata hivyo nami sijasalimika: mmoja wa vijana wangu alichukuliwa na kampuni ya sola miezi minne baada ya kuhitimu, kwa kuwa nilikuwa nikimwahidi nyongeza ya mshahara kwa mdomo tu. Kosa hilo si la chuo.

Nitapeleka mwingine kozi ijayo, ila safari hii mkataba wa miaka miwili utasainiwa kabla ya ada kulipwa, na nyongeza itaandikwa humo kwa tarakimu.