Tamthilia mbili za Dario Fo: uzoefu wangu

Nilimtafuta Dario Fo, mwandishi wa tamthilia wa Italia, kwa sababu alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1997, nikajiandaa kwa maandishi mazito. Niliyoanza nayo ni "Non si paga! Non si paga!", yaani "Hatulipi! Hatulipi!", iliyochezwa mara ya kwanza Milan mwaka 1974, enzi ambazo bei za vyakula Italia zilikuwa zikipanda kila uchao. Kurasa chache tu, nikawa nacheka peke yangu.

Akina mama wamezikataa bei mpya za supamaketi na kuondoka na vitu. Antonia anarudi nyumbani na mifuko yake, na anayemwogopa kuliko polisi ni mumewe, Giovanni, mfanyakazi wa kiwandani ambaye yuko radhi alale njaa kuliko kula cha wizi. Basi chakula kinafichwa chini ya koti la shoga yake Margherita, na mume anaambiwa hiyo ni mimba. Uongo unazaa uongo.

Kilichonishika ni huyo Giovanni. Mwenye supamaketi hatumwoni jukwaani, wala mwenye kiwanda. Anayewatetea ni mtu ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo saa za ziada hazikulipwa, na mimi ndiye niliyewatuliza wenzangu: tuvumilie, kampuni ikinawiri nasi tutanawiri. Kumsikiliza Giovanni kuliniuma, kwa maana maneno yake niliyajua kwa moyo.

Baadaye nikaitazama ikichezwa, na hapo ndipo nilipoelewa ufundi wa Fo, ambaye mwenyewe alikuwa mwigizaji, kama mkewe Franca Rame. Mwigizaji mmoja anacheza askari wa kwanza, askari wa pili, mleta jeneza na baba mzee. Kitabuni hayo ni majina tu. Jukwaani, sura ileile inaingia kila mara mlango unapogongwa, na ukumbi mzima unaangua kicheko.

Ya pili, "Clacson, trombette e pernacchi" ya 1981, ina wazo kali zaidi: Gianni Agnelli, mkuu wa kampuni ya magari ya Fiat, anaharibika uso katika ajali, mfanyakazi wake Antonio anamwokoa, na madaktari wanampa tajiri sura ya Antonio. Bosi na kibarua, uso mmoja! Lakini mwishoni hotuba zinarefuka, na usipojua habari za Aldo Moro, mwanasiasa aliyetekwa na kuuawa mwaka 1978, utaachwa njiani.

Anza na ya kwanza. Ukikosa onyesho, usiisome kimyakimya. Gawaneni wahusika muisome kwa sauti. Sisi tulifanya hivyo nyumbani, na sehemu ya Giovanni niliiomba mimi.