Kibanda umiza Chang'ombe, vita ya Vietnam kwa jero tu

Wadau wa Dodoma, kuna kibanda umiza huku Chang'ombe wiki hii kimeacha mambo ya mpira kikaweka dokumentari ya Vietnam iliyotafsiriwa, kiingilio jero. Kwakweli dijei anayetafsiri anajua, ile sehemu wanajeshi wa Marekani wanashuka Da Nang mwezi wa 3 1965 jamaa kaielezea vizuri sana, kwamba Mmarekani aliogopa Vietnam Kusini ikichukuliwa na wakomunisti basi nchi za jirani nazo zitafuata moja moja, ndo maana akawa anaongeza tu jeshi mpaka wakapita laki 5, af Mrusi na Mchina nao wanaipa silaha Kaskazini, yani ndugu wanauana wenyewe kwa wenyewe huku wakubwa wanachochea kuni.

Ila sasa zile helikopta zikianza dijei anasahau kazi anaanza kupiga mluzi na kutangaza soda za mwenye banda 😂 tukapitwa na mkataba wa Paris wa 1973 wote, ule wa Mmarekani kutoa jeshi lake, ghafla tunaona vifaru vya Kaskazini vinavunja geti la ikulu ya Kusini pale Saigon 1975, mzee mmoja pembeni yangu anauliza sa Mmarekani yuko wapi? Ikabidi nimwelezee mimi, kashaondoka mzee, kaacha wanajeshi wake zaidi ya 58,000 wamekufa.

Feni moja, halipepei, benchi la nyuma bovu msikae. Nyota 3 kati ya 5.