Ultrasaundi ya 3D: kitufe kimoja na fundi mmoja vimenitoa kwenye reli

Lau ningeulizwa mwezi uliopita kuhusu mashine hii tunayoitumia katika kliniki yetu ya Kinondoni, ningesema inunuliwe bila kusita. Leo nasita.

Kazi yenyewe ya kutazama mikato, yaani picha za kizazi kana kwamba kimekatwa vipande, nikiri, ni tamu. Ukishahifadhi ujazo, yaani picha nzima ya pande tatu, wa mfuko wa uzazi, skrini inakuonyesha mikato mitatu inayokutana kwa pembe mraba, na nukta moja inaonyesha inapokutania. Unaiweka nukta katikati ya utando wa ndani, unazungusha mhimili wa Z, yaani unaigeuza picha kama mshale wa saa, mpaka utando ulale sawa, unafanya vivyo hivyo kwenye mkato wa pili, na ule wa tatu, yaani wa koronali, unaoonyesha kizazi kana kwamba unakitazama kwa mbele, na ambao ultrasaundi ya kawaida huupata kwa nadra sana, unajitokeza wenyewe. Hapo ndipo unapotofautisha kizazi chenye ukuta ndani, ambao daktari anaweza kuukata kwa kamera kupitia mlango wa kizazi, na kizazi cha pembe mbili kilichobonyea kwa juu upande wa nje, ambacho hakitibiwi kwa njia hiyo.

Sasa, kitufe cha mhimili huo wa Z kinaruka. Ninakigeuza kidogo tu, picha inazunguka robo nzima na nukta inatoka nje ya utando, kisha ninaanza upya. Siku moja kilinifanyia hivyo mbele ya mama ambaye mimba zake zimekuwa zikiharibika, aliyetoka Mbagala alfajiri. Ni kweli kwamba ujazo ukishahifadhiwa mgonjwa anaweza kwenda zake nawe ukaendelea kuzungusha, lakini huyu alikuwa anataka jibu, na kila nilipoguna aliutazama uso wangu.

Fundi wa muuzaji alipojitokeza baada ya kupigiwa simu nyingi, alisimama mlangoni akasema, "Dada, wenzako wote wanaitumia hiyo hiyo, hakuna anayelalamika. Punguza mkono." Nilimwomba akigeuze mwenyewe. Akakigeuza, picha ikapinduka juu chini mbele ya macho yake, naye akasema ni umeme. Umeme wa Dar es Salaam umebebeshwa lawama nyingi, lakini mashine ilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba, na hata feni haikupunguza kasi!

Nilikusudia kuandika kwamba msiinunue kabisa. Nafsi inanisuta, kwa kuwa jioni ile niliufungua ujazo uleule kwenye kompyuta ya ofisini, nikauzungusha kwa kipanya taratibu, na koronali ikatoka safi: juu kwa nje kizazi kiko sawia, ndani kuna ukuta. Programu, basi, haina kosa. Inunueni, ila kila kitufe kigeuzwe mbele yenu kabla ya kulipa. Na kama muuzaji ni yule aliyeniletea fundi huyo, hapana, msinunue.