Kutia nambari za kurasa kwenye PDF iliyokwisha kukamilika: uzoefu wangu na pdftk

Ripoti yangu ilikuwa tayari, kurasa 94 ndani ya PDF moja. Maandishi yalitoka Word, majedwali yalitoka kwenye lahajedwali, na viambatisho vilipigwa skani. Vipande hivyo nilikwisha kuviunganisha, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa na nambari za kurasa. Msimamizi wangu akairudisha bila kuisoma: bila nambari atanionyeshaje pa kurekebisha? Alikuwa na haki kabisa.

Kwanza nilikimbilia huduma moja ya mtandaoni, zile za kupakia faili, kuchagua kona, kisha kupakua. Kazi iliisha haraka, ila matokeo yalinisikitisha. Nambari 1 ilikaa kwenye jalada. Kwenye majedwali yaliyojaa mpaka chini, nambari ya ukurasa ilipanda juu ya takwimu, hata 37 ya ukurasa ikasomeka kama sehemu ya safu ya mwisho. Alamisho nilizozitengeneza kwa sura zote, yaani viungo vya pembeni vya kurukia sura, zilipotea. Na kilichoniuma zaidi nilikikumbuka baadaye: kiambatisho kimoja kilikuwa na majina ya watu niliowahoji kwa kuaminiana, nami nimekituma kwenye seva nisiyoijua. Kazi yenye siri za watu isitoke nje ya kompyuta yako kwa ajili ya nambari tu.

Inafaa kuelewa kwa nini jambo dogo hivi linasumbua. Kwenye Word nambari ni sehemu ya kijachini, ile nafasi ya chini ya kila ukurasa. Ukiongeza aya, maandishi husogea na nambari hujipanga upya. PDF, ambayo Adobe waliitoa mwaka 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, haifanyi hivyo. Ndani yake kila herufi ina mahali pake maalumu, na mahali hapo hupimwa kwa pointi, 72 kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 una upana wa pointi 595 na urefu wa 842. Kwa hiyo unapotia nambari baadaye unapiga mhuri juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa. Hakuna kitakachosogea kuupisha, lazima nafasi iwe tupu tangu mwanzo. Kama faili ya asili ya kazi yote unayo kwenye Word, rudi huko utie nambari, kisha utoe PDF upya. Mimi sikuwa na njia hiyo kwa sababu ya skani.

Ndipo nikatumia pdftk, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Haina vitufe, na siku ya kwanza inatisha kidogo, lakini wazo lake ni jepesi na nimelipenda sana. Nilifungua LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia hati, nikatengeneza hati ya kurasa 94 tupu zenye nambari tu chini katikati. Jalada nililiacha bila nambari, kurasa 7 za shukrani na yaliyomo nikazipa za Kirumi kuanzia ii hadi viii, kisha 1 ikaanza kwenye utangulizi na kwenda mpaka 86. Hati hiyo nikaitoa kama PDF, ndio mhuri wangu. Halafu amri moja:

pdftk ripoti.pdf multistamp nambari.pdf output ripoti-tayari.pdf

Ukurasa wa kwanza wa mhuri hupigwa juu ya ukurasa wa kwanza wa ripoti, wa pili juu ya wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mhuri ukiwa na kurasa pungufu, ukurasa wake wa mwisho hurudiwa kwa zote zilizobaki, kwa hiyo hesabu vizuri, la sivyo utapata kurasa kumi zote zimeandikwa 80. Alamisho zangu zilibaki zilivyokuwa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unatawala kila ukurasa. Majedwali yangu mapana yalikuwa kwenye kurasa zilizolazwa, na mara ya kwanza nambari zilitokea ubavuni, zimepinda. Sababu ni kwamba pdftk huzungusha ukurasa wa mhuri ili ulingane na wa chini. Nilirudi Writer, nikazilaza kurasa hizo hizo kwenye mhuri, nambari zikakaa sawa. Pia huukuza au kuupunguza mhuri: ramani moja iliyopigwa skani kwenye karatasi ya A3 ilipata nambari kubwa kuliko wenzake, nikaipunguza hadi A4 kwanza. Kwenye majedwali yaliyojaa mpaka chini, nilihamisha nambari juu kulia. Nambari nyingine zote niliziweka kama pointi 30 kutoka ukingo wa chini, zaidi kidogo ya sentimita moja, kwa sababu printa nyingi hazichapi mpaka ukingoni. Na usijaribu kuweka mhuri chini ya ukurasa badala ya juu: ukurasa wa skani ni picha nzima, utaifunika nambari isionekane.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kisomaji cha PDF bado kinaniandikia 9 juu pale ambapo karatasi imeandikwa 1, maana kinahesabu kurasa za faili kuanzia jalada. Mtu ukimtajia ukurasa, mwambie ni nambari iliyochapwa. Na kama hati itatiwa saini ya kidijitali, nambari zitangulie. Ukiigusa faili baada ya saini, saini hiyo itahesabiwa kuwa imevunjika.

Kwa mtu mwenye hati fupi ya maandishi matupu, isiyo na siri, sioni haja ya kuhangaika na amri. Kwa kazi ndefu iliyounganishwa, pdftk ndiyo nitakayoipendekeza. Wiki iliyofuata msimamizi aliniagiza niongeze ukurasa mmoja katikati ya sura ya tatu. Nilichukua faili safi niliyokuwa nimeihifadhi, ile isiyo na nambari, nikauingiza ukurasa, nikaongeza mmoja kwenye mhuri, nikarudia amri. Kulibaki kurekebisha yaliyomo tu, na hayo niliyafanya kwenye Word kwa mkono, mstari kwa mstari.